Maji ya radiatere: kinga ya motere, hatari ya mwili



Mara hii hatutasema juu ya kofia ya kazi wala juu ya vumbi la mgodi. Tutasema juu ya maji yaliyo chini ya kapo ya motokari yako. Utauliza: tangu lini watu wa dispanseri wanafundisha mambo ya garaji? Kwangu mimi ni tangu siku nilipompokea shofere mmoja aliyeungua shingo na mkono wote wa kuume. Alikuwa njiani kutoka Likasi kwenda Kolwezi, sindano ya joto ikapanda mpaka kwenye nyekundu. Akasimama, akakamata kitambaa, akafungua kifuniko cha radiatere. Kitambaa hakikumsaidia kitu. Macho yake yalipona kwa sababu moja tu: alikuwa amegeuza kichwa kumjibu mwenzake.

Tufahamu vema kilichotokea. Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1400 kutoka usawa wa bahari, na huko maji katika sufuria iliyo wazi yanachemka karibu na digri 95, si 100. Lakini radiatere si sufuria iliyo wazi. Kifuniko chake kina springi inayozuia mvuke usitoke, na kwa nguvu hiyo maji yanaweza kupita digri 110 bila kuchemka. Sasa wewe unafungua. Nguvu inaondoka mara moja, na maji yale, ambayo yalikuwa yametulia, yanageuka mvuke na kuruka juu yote pamoja. Yanakukuta umeinama.

Kwa hiyo, sindano ikipanda, simama kando ya barabara, zima motere, usiguse kifuniko. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira mnene wa juu wa radiatere uweze kushikwa kwa mkono bila kuchoma. Ndipo uzungushe kifuniko kidogo tu, ukisimama kando na uso mbali, usikie kama kinapuliza. Kikipuliza, acha, ngoja tena. Tena usimwage maji baridi katika motere yenye moto: kilasi inaweza kupasuka, na hapo mshahara wa miezi mingapi?

Lakini kwa nini motere inapata joto kupita kiasi? Mara nyingi ni kwa sababu ya maji tuliyoweka wenyewe. Wengi wanasema: antijeli ni dawa ya barafu ya Ulaya, sisi hatuna barafu, tuweke maji ya bomba. Ni kweli, hata asubuhi za Juni na Julai, tunapovaa makoti, maji hayagandi katika radiatere. Jina hilo ndilo linatudanganya. Antijeli nzuri ina kazi nyingine mbili zinazotuhusu sana: inapandisha joto la kuchemka, na ndani yake mna dawa za kuzuia kutu. Maji ya visima vya kwetu yanapita katika mawe ya chokaa. Tazama ndani ya birika ya chai nyumbani kwako, utaona ganda jeupe. Ganda kama hilo linajijenga katika mirija myembamba ya radiatere, maji hayapiti tena, na joto linabaki katika motere.

Jinsi ya kuchagua? Usichague kwa rangi. Kijani, nyekundu, buluu, ni rangi tu, kila kiwanda kinatia yake. Soma kitabu cha motokari, au uliza mekanisie aina gani inatakiwa, kisha baki na aina hiyo. Aina za zamani hubadilishwa karibu kila miaka 2, za kisasa zinaweza kufika miaka 5. Ukichanganya aina mbili, dawa za kutu zinaweza kuharibiana, na wakati mwingine unapata uji mzito ndani. Kama bidoni inasema iko tayari, usiongeze maji. Kama ni antijeli safi, changanya nusu kwa nusu na maji yasiyo na chokaa, yale yanayouzwa kwa kuongeza katika batri. Angalia sana hapo: ninasema maji, sisemi asidi ya batri, kwa maana chupa zao sokoni zinafanana. Wala usifikiri kwamba antijeli tupu ni bora zaidi. Inachukua joto vibaya kuliko mchanganyiko.

Kila juma, asubuhi, motere ikiwa baridi, tazama kichupa cha akiba: maji yawe kati ya alama mbili. Yakipungua kila mara, kuna mahali yanapotokea. Tafuta mpira uliopasuka, au tone chini ya pompi ya maji. Ukiona mafuta ya motere yamekuwa kama maziwa, peleka garaji siku hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu kuliko kuungua. Antijeli nyingi hutengenezwa kwa etileni glikoli, na hiyo ni sumu yenye ladha tamu. Rangi yake ni kama ya limonadi. Na sisi tunafanya nini? Tunanunua kipimo kidogo kwa mwenye duka, anatutilia katika chupa ya Fanta, tunaiweka chini ya meza. Mtoto akirudi na kiu, ataacha kunywa? Kwa mtu mzima, mililita 100 za antijeli safi zinaweza kuua. Kwa mtoto mdogo, hata kijiko kimoja au viwili vya mezani. Mwaka 2022, nchini Gambia, zaidi ya watoto 60 walikufa kwa figo, na Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dawa za kikohozi za maji zilizohusishwa na vifo hivyo zilikuwa na glikoli hii na ndugu yake.

Aliyekunywa anaonekana kwanza kama mlevi: anayumba, anasema ovyo, anatapika, lakini hanuki pombe. Baadaye anaweza kuonekana amepata nafuu, na jamaa wanasema acha alale. Hapo ndipo watu wanapotea, kwa maana ini linaendelea kugeuza sumu kuwa asidi, na figo zinakufa kwa siku moja, mbili au tatu. Usingoje dalili. Usimtapishe, usimpe maziwa wala pombe. Mpeleke lopitali pamoja na chupa yenyewe. Daktari anaweza kuzuia sumu isigeuke, au kutafuta mashine ya kusafisha damu, ila ni kama mmefika mapema. Na wewe mekanisie unayevuta maji ya radiatere kwa mdomo na kipande cha mpira, maneno haya ni yako pia.

Kwa aliyeungua: maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya kidonda, dakika 20, bila barafu. Vua saa na pete kabla mkono haujavimba. Usipake mawese, dawa ya meno, wala yai. Nimekwisha kuosha vyote hivyo juu ya vidonda, na mgonjwa analia mara mbili. Usipasue malengelenge, funika kwa kitambaa safi, njoo. Kama ni jicho, lisukutue kwa maji mengi robo saa nzima, halafu njoo mbio.

Antijeli ikae katika bidoni yake yenyewe, imefungwa, juu, penye kufuli. Ile ya zamani usiimwage nyuma ya nyumba, mbuzi na mbwa wanapenda utamu wake kama watoto, ipeleke garaji. Na bidoni ikiisha, itoboe kabla ya kuitupa, mtu asije akaiosha na kutia ndani mafuta ya kupikia.