MPE MTOTO BAKULI LAKE

Siku moja nilikwenda kumsalimu bibi yangu, mzaa mama, kijijini kwetu Usukuma. Jioni tulikaa jikoni tukila michembe na karanga. Dada yangu alikuwa ananyonyesha mtoto mchanga. Mtoto wake mkubwa, wa miaka miwili, alikaa pembeni. Nikauliza, "Bibi, utotoni mlikula nini?"

Bibi alizaliwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961, lakini anakumbuka kila chungu. Walikula ugali wa mtama na wa uwele. Walikula mlenda, kunde, na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Walikunywa maziwa mgando kutoka kibuyuni. Siku nyingine walipata furu wa Ziwa Viktoria. Wanaume na wavulana walikula nje, penye moto. Wanawake na watoto wadogo walikula jikoni, mikono yote katika sahani moja.

"Chakula kilikuwa kizuri," nikasema. Bibi akanyamaza. Kisha akanieleza habari za mdogo wake.

Mama yao alijifungua tena, na mtoto huyo akaachishwa ziwa. Akawa anakula pamoja na wakubwa. Wao walikula upesi. Yeye alipata tonge mbili tatu, tena kavu. Nyama ilikuwa ya wakubwa. Yai lilikuwa mwiko kwa mtoto. Baadaye miguu yake ilivimba. Nywele zikawa nyekundu na laini. Akawa hataki kucheza. Watu wakasema, "Wazazi wamembemenda." Mama akaona aibu, akamficha mtoto ndani. Mtoto akafa.

"Chungu kilikuwa na chakula, mjukuu wangu," bibi akasema. "Ila yeye hakikumfikia."

Ndugu msomaji, dalili hizo ni za unyafuzi, ambao wengi huuita kwashakoo. Huo ni utapiamlo mkali. Daktari Cicely Williams aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1933, alipokuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Jina lake limetoka katika lugha ya Waga wa huko. Nao waliona jambo lile lile: mtoto huugua anapoachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Basi ugonjwa huu si kubemendwa, wala si uchawi. Mama asiaibishwe. Mtoto atibiwe.

Tufanye nini?

1. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu mpaka miezi 6. Kisha aanze vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

2. Mtoto awe na bakuli lake. Mama, baba au bibi akae naye mpaka ashibe. Tangu miezi 9 mpaka miaka 2, ale mara 3 au 4 kwa siku, na kitu kidogo katikati, kama vile ndizi mbivu.

3. Uji mweupe peke yake hautoshi. Tia karanga zilizosagwa laini, maziwa, au dagaa waliotwangwa. Karanga zenye ukungu zina sumu, zitupe. Mpe pia mboga za majani, matunda na mayai. Mwiko wa yai tuuache.

4. Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, huku ukihesabu polepole mpaka 3. Kama kishimo kinabaki, mpeleke mtoto zahanati siku hiyo hiyo. Usijaribu kumtibu nyumbani kwa chakula tu.

Usiku ule nilibonyeza miguu ya mpwa wangu. Haikuwa imevimba. Lakini alikuwa mwepesi kuliko umri wake, nasi tukakubaliana apelekwe kupimwa uzito kesho yake. Bibi hakungoja kesho. Alichukua bakuli dogo, akapakua ugali laini na kunde zilizoungwa kwa karanga, akamweka mtoto mapajani. Hakuna mkono mwingine uliogusa bakuli lile.

Ndugu msomaji, leo jioni tazama sahani ya nyumbani kwako. Nani anakula wa mwisho?

MASWALI

1. Kwa nini mdogo wake bibi hakushiba, ingawa chakula kilikuwapo?
2. Taja dalili tatu za unyafuzi.
3. Utafanya nini ukiona miguu ya mtoto imevimba?