Chuma cha Maharage na Kikombe cha Chai

Wengi wetu hapa Mbeya na Iringa hula ugali na maharage siku nyingi, si wakati wa Kwaresima tu. Nyama ni ya sikukuu. Je, damu itapata chuma? Itapata, maana maharage, mchicha na majani ya maboga vina chuma. Lakini chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida zaidi kuliko cha nyama, na hapo ndipo chai yetu nzuri ya Rungwe na Mufindi inapotudhuru. Ikinywewa pamoja na chakula, hukishika chuma hicho kikatoka bila kutumika. Basi chai na ingoje saa moja au mbili. Mahali pake pawe na pera, chungwa, au limau lililokamuliwa juu ya mboga: vitamini C husaidia chuma kuingia. Maharage nayo yalowekwe usiku kucha, na maji yale yamwagwe.

Utafiti wa taifa wa 2015–16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Mama mjamzito, hata akila hivi, asiache vidonge vya kliniki. Wala asivimeze kwa chai.