Nyota Tano Hazimwagilii Nyanya: Uamini Sifa za Pampu Kiasi Gani?

Mkulima wa nyanya wa Kishushe hahitaji kuambiwa kwamba bila maji hakuna mavuno. Ndiyo maana pesa za msimu mmoja mara nyingi huishia kwa pampu ya msimu unaofuata: pengine ile iliyosifiwa kwenye jarida la kilimo, ama ile yenye nyota tano mtandaoni. Duka liko Nairobi, wewe uko Taita, na malipo ni kwa simu. Ukishaweka PIN, pesa imetoka. Sasa hizo sifa uziamini kiasi gani?

Jibu letu ni fupi: amini kile mwandishi alichopima, si kile alichosifu.

Nani amelipia?

Majarida mengi huishi kwa matangazo. Ukikuta pampu imesifiwa ukurasa mmoja na tangazo lake liko ukurasa wa pili, si lazima uwe uongo, lakini usitegemee kuambiwa ubaya wake. Consumer Reports la Marekani, lililoanza mwaka wa 1936, hununua lenyewe bidhaa linazopima na halichukui matangazo ya watengenezaji. Wa aina hiyo ni wachache. Nyota za mtandaoni nazo hununuliwa; mwaka wa 2024 Marekani ilibidi itoe kanuni ya kupiga marufuku maoni feki.

Soma namba vizuri

Pampu ya petroli ya inchi 3 huweza kuandikwa "lita 1,000 kwa dakika, mita 30". Wengi hudhani itapandisha lita 1,000 hadi mita 30. Sivyo! Lita 1,000 ni pale maji yasipopanda kabisa. Mita 30 ndipo yanapokwama, hata tone halitoki. Shamba lako liko katikati ya hizo namba mbili.

Tena, pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji yaliyo chini yake zaidi ya mita 7 hivi, hata injini iwe kubwa vipi. Kama maji ya kisima chako yako mita 15 chini, unahitaji pampu ya kuzamisha. Mwandishi asiyetaja kina cha maji hajakusaidia.

Kabla ya kutuma pesa

1. Pima kina cha maji na mwinuko hadi shambani, kisha uulize muuzaji: hapo itatoa lita ngapi?
2. Anza na maoni ya nyota tatu. Huko ndiko watu husema ukweli wa spea na mafuta.
3. Tafuta jirani aliyeitumia msimu mzima. Muulize fundi wa Voi kama spea zinapatikana.
4. Angalia alama ya ubora ya KEBS. Tuma SM# na namba iliyo chini ya alama kwa 20023, bila kuacha nafasi.
5. Ikiwezekana, lipa baada ya kuiona ikifanya kazi. Hakikisha jina la mpokeaji ni la duka, na uhifadhi ujumbe wa malipo pamoja na risiti.

Sisi kazi yetu ni kufikisha pesa yako salama. Ujumbe wetu unathibitisha kwamba umelipa. Hauwezi kuthibitisha kwamba umenunua kitu kizuri. Hiyo kazi ni yako, na inafanywa kabla ya PIN, si baada yake.