Somo la Waimbaji: Mwendo wa "Usiku Mtakatifu"

Mwezi huu twataka kusema hasa na walimu wa kwaya. Krismasi iliyopita, katika mtaa mmoja upande wa Rangwi, bibi mmoja mzee alitungoja mlangoni baada ya ibada, akatuuliza, "Baba Mchungaji, ni nani aliyefariki?" Hatukuweza kumjibu, maana kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumewafundisha waimbaji "Usiku Mtakatifu" kwa kufuata rekodi ya kwaya kubwa ya ng'ambo, polepole mno, hata pumzi zikakatika katikati ya maneno, na watoto wakanyamaza kabisa.

Ndipo tukatafuta asili ya wimbo huu. Maneno yake yalitungwa mwaka 1816 na padre kijana, Joseph Mohr, katika nchi ya Salzburg, vita vya Napoleoni vilipokuwa vimekwisha kuwachosha watu. Sauti yake ilitungwa na Franz Xaver Gruber, mwalimu wa shule na mpiga kinanda, nao wakauimba mara ya kwanza Oberndorf usiku wa tarehe 24 Desemba 1818. Walikuwa wanaume wawili na gitaa moja, na kwaya ikiitikia mistari ya mwisho ya kila beti. (Basi ni urithi wa jirani zetu Wakatoliki wa misheni ya Rangwi kabla ya kuwa wetu.) Hati iliyoandikwa kwa mkono wa Mohr ilionekana mwaka 1995. Ndani yake Do iko D, nayo mapigo ni sita sita, yaani mapigo makubwa mawili yenye madogo matatu kila moja. Huo ndio mwendo wa kubembeleza mtoto.

Sasa tuhesabu. Kila beti ina mapigo makubwa 24. Ukipiga 50 kwa dakika, beti yakwisha kwa nusu dakika hivi. Ukipiga 30, yachukua karibu sekunde 48. Mohr aliandika beti sita. Kwa mwendo wa pili zingekaribia dakika tano, na hapo hata malaika wa Luka 2 wangesinzia.

Si kwamba rekodi ile ni mbaya. Kwaya ile iliimba katika kanisa la mawe lenye mwangwi mrefu, sauti ikibaki hewani baada ya kinywa kufungwa. Kanisa letu lina paa la bati na madirisha wazi. Sauti yafa mara moja, na nafasi iliyoachwa kwa mwangwi yabaki tupu. Utupu huo ndio alioudhani yule bibi kuwa kilio. Kwetu mtoto akizaliwa husikika vigelegele; wimbo huu hauhitaji vigelegele, walakini matanga si mahali pake.

Mahali pa Do napo pana kazi. Do ikiwa D, soprano hupanda hata G ya juu. Waliozoezwa wataweza, usharika mzima utapiga kelele. Wengi huishusha hata B iliyopungua nusu sauti, nayo yafaa sana kwa matarumbeta. Chini ya hapo tusishuke, kwa kuwa sauti ya chini kabisa ya wimbo huwapotea wanawake na watoto, na wimbo wote hulemaa. Sisi twapenda C.

Mwalimu asiye na saa na amtazame mama mwenye mtoto mgongoni anapombembeleza, apige mkono kwa kufuata miguu yake. Tulifanya hivyo katika mazoezi, mama mmoja wa alto akitembea mbele ya kwaya na mtoto wake. Katika beti ya pili watoto waliokuwa wakicheza nje waliingia wenyewe, wakaimba nasi.