Louise Scheppler na Vyumba vya Kufumia

Mtu akiulizwa ni nani aliyeanzisha shule za watoto wadogo, kwa kawaida hulitaja jina la Friedrich Fröbel wa Ujerumani. Naye astahili heshima yake. Lakini miaka karibu 70 kabla yake kazi hiyo ilikwisha kuanza katika usharika mmoja wa Kilutheri milimani, nayo ilianzwa na wasichana wa shamba wasiokuwa na elimu kubwa. Habari zao zatupasa kuzijua, hasa sisi tufundishao.

Usharika ule u katika milima ya Vosges, jimbo la Alsace, nchi ya Ufaransa. Bonde lenyewe huitwa Ban de la Roche, na vijiji vya usharika vilikuwa vitano: Waldersbach, Belmont, Bellefosse, Fouday na Solbach. Mchungaji Johann Friedrich Oberlin alipofika huko mwaka 1767 alikuta umaskini mwingi. Ardhi ilikuwa ya mawe, baridi kali, njia mbaya. Wazazi walipokwenda kazini, watoto wadogo walibaki wakizurura pasipo mlezi. Wakubwa waweza kupelekwa shule. Lakini mtoto wa miaka mitatu au minne, nani amwangalie?

Katika kijiji cha Belmont alikuwako msichana aitwaye Sara Banzet. Huyu kwa hiari yake alikusanya watoto nyumbani kwa wazazi wake, akawafundisha kufuma soksi kwa sindano. Babaye hakupendezwa, maana aliona binti yake anapoteza wakati. Oberlin aliposikia habari hii hakumletea mzee yule maneno ya sifa tu: mwaka 1769 alimwajiri Sara, kazi yake iwe iyo hiyo ya watoto. Sara alikufa mwaka 1774, hajatimiza miaka 30, lakini wanawake wengine wakaishika kazi aliyoiacha.

Mmoja wao ndiye Louise Scheppler, aliyezaliwa Bellefosse mwaka 1763. Alipokuwa na umri wa miaka 15 aliingia nyumbani mwa mchungaji kuwa mtumishi, akawa pia mwongozi wa watoto, maana ndivyo walivyoitwa wanawake hao.

Na tuingie sasa katika chumba chao, tuone walivyofanya. Wakati wa theluji nyumba za nchi ile zilikuwa na chumba kimoja chenye jiko la moto, na hapo ndipo watu walipokaa. Kwa hiyo watu waliviita vyumba vya kufumia. Kwa kawaida wanawake wawili waliwaangalia watoto, mmoja akiongoza kazi ya mikono, mwingine akiwafundisha na kuwachezesha. Wale wadogo kabisa waliachwa kucheza. Wenye nguvu kidogo walishika sindano. Mikono ikiwa kazini, masikio yalikuwa huru: mwongozi alisimulia habari za Biblia akionyesha picha, akawafundisha nyimbo, akawataja wanyama na mimea. Watoto walisema lugha ya bondeni tu, basi kila kitu walichoonyeshwa walijifunza jina lake kwa Kifaransa. Siku za jua walitoka nje kutafuta majani na maua, wajue lipi lafaa kuliwa na lipi lina sumu. Hata ramani walionyeshwa, na ramani ya kwanza haikuwa ya nchi za mbali, bali ya vijiji vyao wenyewe.

Katekista asomaye aangalie neno hili. Mtoto hakuketishwa kimya saa nyingi akariri maneno asiyoyafahamu. Alianza na kitu alichokiona kwa macho yake, ndipo akaongozwa mbele. Nadhani wengi wetu twaanza upande wa pili.

Mwezi wa Januari 1783 mke wa Oberlin alifariki, akaacha watoto saba. Louise alikuwa na miaka 19. Akawalea wale saba, akaitunza nyumba, wala hakuwaacha watoto wa vijiji. Katika theluji alikwenda kwa miguu toka kijiji hata kijiji. Hakuolewa kamwe.

Mwaka 1793, siku ya mwaka mpya, alimwandikia Oberlin barua, akaomba asipewe mshahara tena. Alitaka kuhesabiwa kuwa mtoto wa nyumba ile. Akipungukiwa na nguo, soksi au viatu vya mti, atamwomba kama mtoto amwombavyo babaye. Barua hii yapendeza sana, lakini naogopa isomwe vibaya. Wazee wa usharika wasiitumie kumnyima mwalimu wa watoto haki yake. Aliyeukataa mshahara ni Louise mwenyewe, wala mchungaji hakumwomba aukatae. Na waongozi wengine Oberlin aliwalipa kwa fedha zake.

Oberlin alifariki tarehe 1 Juni 1826. Kabla ya kufa aliwaandikia watoto wake, akamweka Louise mikononi mwao. Nao walitaka kumpa fungu la urithi sawa na lao, akakataa. Akaomba tu akae nyumbani mle, na jina la Oberlin liongezwe katika jina lake.

Mwaka 1829 Chuo cha Wataalamu wa lugha ya Kifaransa huko Paris kilimpa zawadi ya faranga 5,000, iliyowekwa kwa ajili ya watu maskini waliotenda mema makubwa. Aliyesoma sifa zake mbele ya wakubwa ni Baron Cuvier, bingwa wa elimu ya wanyama, naye Mlutheri. Cuvier alisema kwamba shauri la shule zile lilitoka kwa Louise. Hapo alikosea: Sara alipoanza, Louise alikuwa bado mtoto mdogo, na jina la Sara halikutajwa kati ya watu wakuu wale. Fedha zile Louise hakujiwekea, alizitoa kwa kazi ya bondeni.

Alifariki Waldersbach mwezi wa Julai 1837, mwenye umri wa miaka 73. Mwaka uo huo, katika mji wa Blankenburg, Fröbel alifungua nyumba yake ya watoto.