PICHA NYINGI, MEGA CHACHE: Jinsi ya kupunguza picha za simu kwa mkupuo

Somo kwa wakazi wa kambi waliotoka Tungue na jirani zake



Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa, watu wa Tungue walitawanyika pande zote. Wengine walikimbilia Quitunda na Afungi. Wengine walikwenda Pemba kwa njia ya bahari. Wengine walitembea kwa miguu hadi Nangade na Mueda, na wengine walivuka Mto Ruvuma kuelekea Tanzania. Kabla ya hapo, tangu Oktoba 2017, ndugu wa Mocímboa da Praia na vijiji vyake walikuwa wamekwisha kuanza kuhama. Ndiyo maana ziko familia ambazo mama yuko kambi hii, mtoto yuko kwingine, na habari za babu hazijulikani.

Katika hali kama hiyo, picha iliyomo ndani ya simu si pambo. Inaweza kuwa sura pekee iliyobaki ya ndugu anayetafutwa. Inaweza kuwa nakala pekee ya BI, ya cédula ya mtoto, ya cheti cha shule, au ya karatasi ya shamba. Picha ya BI haichukui nafasi ya BI yenyewe, lakini namba na majina yaliyomo yanasaidia mtu anapoomba nyingine.

Lakini picha hizo zina uzito. Vijana wanaowasaidia wazee kutuma picha hulalamika kwamba mega zinakwisha kabla picha hazijafika, na simu zinajaa hadi hazipokei tena kitu. Mwishowe mtu hufuta picha ili apate nafasi, na huenda ile aliyoifuta ndiyo aliyoihitaji. Katika somo hili tutajifunza kupunguza picha nyingi kwa mara moja, kwa kutumia programu ndogo na kompyuta ya zamani, bila kupoteza picha asilia.

KUTAFUTANA KWA PICHA

Jambo hili halikuanza leo. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, watoto wengi waliopotezana na wazazi wao walipigwa picha, na picha hizo zikaonyeshwa kwa watu ili jamaa wawatambue. Wakati huo zilikuwa picha za karatasi. Mwaka 2013 Msalaba Mwekundu ulianzisha huduma ya kutafutana kwa picha kwenye intaneti, iitwayo Trace the Face. Huko inaonyeshwa sura ya yule anayetafuta, si ya yule anayetafutwa. Sababu yake ni njema: anayetafutwa hakuulizwa kama anataka sura yake ionekane na kila mtu. Tutarudi kwenye jambo hili katika sehemu ya tahadhari.

PICHA YA SIMU NI NINI?

Picha ya simu imeundwa kwa vidoto vidogo sana vya rangi, viitwavyo pikseli. Ni kama mkeka ulioshonwa kwa ukili mwembamba: ukiuangalia kwa mbali unaona pambo moja, ukisogea karibu unaona kila unyuzi.

Simu nyingi hupiga picha yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu. Zidisha, utapata pikseli milioni 12. Picha moja ya namna hiyo mara nyingi huwa na megabaiti 3 hadi 5. Lakini kioo cha simu hakiwezi kuonyesha pikseli zote hizo kwa pamoja. Maana yake ni kwamba unalipa mega nyingi kutuma kitu ambacho mpokeaji hatakiona chote.

Sasa tuipunguze picha hiyo iwe na pikseli 1600 kwa 1200. Zidisha tena: ni chini kidogo ya milioni 2. Tukipunguza kidogo na ubora wa kuhifadhia, picha hushuka hadi kilobaiti 300 au 500, na sura ya mtu bado inaonekana vizuri.

Tuchukue mfano. Vijana wawili wamekusanya picha 200 za majirani zao.
- Kabla ya kupunguza: picha 200 mara megabaiti 4 ni megabaiti 800.
- Baada ya kupunguza: picha 200 mara kilobaiti 400 ni megabaiti 80.
Picha ni zilezile 200, lakini gharama ya kutuma ni sehemu moja ya kumi.

VIPIMO VYA KUKUMBUKA

Upande mrefu wa picha ndio tunaoupima.
- Sura ya mtu, ya kutazamwa kwenye simu: pikseli 1200.
- Kundi la watu, nyumba au mahali: pikseli 1600.
- Karatasi yenye maandishi (BI, cédula, cheti): pikseli 2000 au zaidi.

Karatasi huhitaji pikseli nyingi kwa sababu herufi ni ndogo. Ukiipunguza mno, namba 3 itafanana na 8, na herufi za muhuri zitapotea. Kwa hiyo tenganisheni picha za karatasi na picha za watu kabla ya kuanza kazi.

VIFAA

1. Kompyuta moja yenye Windows. Hata ya zamani inafaa. Waulizeni walimu, au mwenye kibanda cha fotokopi.
2. Waya wa simu au flashi ya kuhamishia picha.
3. Programu ya IrfanView. Tumeichagua kwa kuwa ni ndogo, haifiki megabaiti 10, na ikishawekwa hufanya kazi bila intaneti. Ni ya bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Aliyeitunga ni Irfan Škiljan, mzaliwa wa Bosnia, aliyeitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Ipakueni kutoka kwenye tovuti yake yenyewe, kisha ipelekeni kwa wengine kwa flashi. Mwenye kibanda anayetoza pesa kwa kazi hii asome kwanza masharti ya programu.
4. Daftari na kalamu.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Tengeneza folda mbili kwenye kompyuta. Moja iite ASILIA, ya pili iite NDOGO.

Hatua ya 2. Nakili picha zote kutoka kwenye simu uziweke katika ASILIA. Nakili, usihamishe. Picha zibaki kwenye simu mpaka kazi iishe.

Hatua ya 3. Fungua IrfanView, kisha bonyeza herufi B. Litafunguka dirisha kubwa la kufanyia kazi picha nyingi kwa pamoja.

Hatua ya 4. Katika dirisha hilo tafuta folda ya ASILIA. Picha zikitokea, bonyeza kitufe kilichoandikwa "Add all". Picha zote zitaingia kwenye orodha ya kazi.

Hatua ya 5. Chagua aina ya JPG. Bonyeza "Options" iliyo karibu nayo. Weka ubora kwenye 80. Hapo hapo kuna kisanduku cha "Keep original EXIF data". Ondoa alama yake. Sababu tutaieleza hapa chini.

Hatua ya 6. Tia alama kwenye "Use advanced options", kisha bonyeza "Advanced". Tia alama kwenye "RESIZE". Chagua kipimo cha upande mrefu, "Set long side to", uandike 1600 na uhakikishe ni pikseli. Hakikisha pia programu imeagizwa kulinda uwiano wa picha, ili sura za watu zisivutwe, na isikuze picha ambazo tayari ni ndogo. Angalia pasiwe na alama yoyote kwenye maneno ya kufuta faili za asili. Kisha bonyeza "OK".

Hatua ya 7. Mahali pa kuhifadhia kazi, bonyeza "Browse" uchague folda ya NDOGO. Hatua hii msiiruke. Mkihifadhi juu ya picha asilia, zile kubwa zitapotea na hazitarudi, kwa maana picha ikishapunguzwa haikuzwi tena ikawa kama zamani.

Hatua ya 8. Bonyeza "Start Batch". Kompyuta ya zamani itachukua muda. Iacheni imalize.

Hatua ya 9. Fungueni folda ya NDOGO mkague. Je, idadi ni ileile? Je, kuna picha iliyolala ubavu? Je, namba ya BI inasomeka? Kama haisomeki, rudieni picha hiyo peke yake kwa kipimo kikubwa zaidi.

Hatua ya 10. Wekeni folda ya ASILIA kwenye flashi mbili, zitunzwe na watu wawili tofauti. Moja ikiingia maji, nyingine itakuwapo. Kisha futeni picha za watu kwenye kompyuta ya kuazima, pamoja na zile zilizokwenda kwenye kapu la taka.

TAHADHARI: PICHA HUSEMA ZAIDI YA INAVYOONEKANA

Ndani ya faili ya picha simu huandika mambo ambayo macho hayaoni: tarehe, saa, aina ya simu, na mara nyingine mahali hasa ulipopigia picha. Maandishi hayo ndiyo EXIF. Mtu mwenye nia mbaya akiipata picha yako inayoonyesha mahali, anaweza kujua hema yako ilipo au kijiji ulichojificha. Ndiyo sababu katika Hatua ya 5 tuliondoa alama. Nakala ndogo zitoke bila maandishi hayo. Yatabaki katika ASILIA, ambako yanaweza kukufaa siku ukihitaji kuonyesha kwamba picha ya nyumba yako ilipigwa lini.

Ni vizuri pia kuzima alama ya mahali katika mipangilio ya kamera ya simu.

Zingatieni haya mengine:
- Mwulizeni mtu kabla ya kumpiga picha, na kabla ya kuituma. Akikataa, basi.
- Msisambaze kwenye makundi ya simu picha ya mtoto aliye peke yake. Mtu asiye mzazi anaweza kujitokeza akidai mtoto ni wake. Mpelekeni mtoto kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto au kwa Msalaba Mwekundu wa Msumbiji, ambao hufanya kazi ya kuunganisha familia.
- Msiandike jina la mtu kwenye jina la faili. Ipeni picha namba: 001, 002, 003. Majina yaandikwe kwenye daftari, na daftari litunzwe mbali na flashi. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.
- Msipige picha za askari wala vituo vyao.
- Usimtumie mtu usiyemjua picha ya BI yako, hata akiahidi msaada.

KAMA HAKUNA KOMPYUTA

Zipo njia tatu rahisi. Kwanza, katika mipangilio ya kamera ya simu nyingi unaweza kuchagua ukubwa mdogo wa picha kabla ya kupiga. Pili, WhatsApp hupunguza picha yenyewe inapotumwa kwa njia ya kawaida, lakini ukiituma kama dokumenti huenda nzima na uzito wake wote. Kwa sura ya ndugu tumia njia ya kawaida. Kwa karatasi ambayo herufi zake lazima zisomeke, tuma kama dokumenti, ila moja moja na kwa mtu unayemwamini. Tatu, kuwapa jamaa walio kambi moja nanyi, pelekeni picha simu kwa simu kwa Bluetooth, ambayo haili mega hata kidogo.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini picha ya BI isipunguzwe sawasawa na picha ya sura ya mtu?
2. Mama ana picha 50, kila moja ina megabaiti 4. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 400 kila moja, atatumia megabaiti ngapi kuzituma?
3. Kuna hatari gani kuhifadhi picha ndogo katika folda ya ASILIA?
4. Ni maandishi gani yaliyofichika ndani ya picha, na kwa nini tunayaondoa kwenye nakala za kutuma?
5. Umempata mtoto aliyepotezana na wazazi. Utafanya nini na picha yake?

(Jibu la swali la 2: megabaiti 20, badala ya 200.)

MWISHO

Kazi hii haifai kuachiwa mtu mmoja. Kila mtaa wa kambi uchague vijana wawili, mwanamke na mwanamume, ili akina mama nao wapate mtu wa kumkabidhi simu zao bila wasiwasi. Vijana hao wajifunze kwanza kwa picha kumi za kwao wenyewe. Wakishaweza, ndipo wapokee za wazee.

Kumbukeni jambo moja kuliko yote: nakala ndogo ndiyo isafiri, picha asilia ibaki nyumbani. Ukimaliza kusoma karatasi hii mpe jirani, na asiyejua kusoma msomee.