Nimhamishe Mama kutoka Njombe?



BI ZUHURA: Habari za Njombe, mwanangu?

TUMAINI: Si nzuri. Mama amevimba vidole vya mikono yote miwili. Asubuhi hawezi hata kufunga kanga, mpaka jua lipande. Hospitali wamesema ni baridi yabisi. Tumekaa kikao cha ndugu, tumeamua kuuza kipande cha shamba la viazi tumjengee chumba huku Tanga, apate joto. Nikasema nije kwanza kwako, wewe umeuguza watu miaka yote.

BI ZUHURA: Umefanya vema, maana shamba likishauzwa halirudi. Sikia. Kuna baadhi ya wagonjwa ambao baridi huwazidishia maumivu, hilo nimeliona wodini. Lakini si baridi iliyomletea ugonjwa. Huu ni ugonjwa wa kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe: inashambulia utando wa ndani wa viungo, viungo vinavimba, na ukiachwa unakula gegedu hadi mfupa. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

TUMAINI: Basi mahali anapoishi mtu hapahusiki?

BI ZUHURA: Panahusika sana, ila si kwa njia mnayoifikiria. Mwaka 1975 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya kuwapima watu wa kijiji kimoja cha Watswana na watu wa mjini Soweto. Kijijini walikuta kama mgonjwa 1 kwa kila watu wazima 1,000. Soweto wakakuta kama 9.

TUMAINI: Kumbe mji ndio mbaya!

BI ZUHURA: Punguza mbio. Mwaka 1977 yakachapishwa matokeo ya Transkei, hukohuko Afrika Kusini, kwa Waxhosa wa vijijini, wafugaji na wakulima. Huko walikuta karibu 7 kwa kila 1,000. Sasa utasema shamba linakinga? Tena Soweto walikaa watu wa makabila mengi, kwa hiyo hata kuwalinganisha na Watswana wa kijiji kimoja kuna walakini wake. Mimi husema hivi: acha kuuliza mji au shamba, uliza watu wa hapo wanavuta hewa gani, wanafanya kazi gani, na wamerithi nini kwa wazazi wao.

TUMAINI: Kurithi? Basi ni mambo ya damu tu.

BI ZUHURA: Sivyo. Chukua mapacha wa kufanana, waliorithi vilevile kila kitu. Mmoja akiugua, mwenzake huugua katika jozi kama 15 tu kati ya kila 100. Panapobaki, nje ya urithi, ndipo pa kutafuta. Na waliotusaidia kutafuta ni wauguzi wenzangu wa Marekani, nami hujivunia hilo bila aibu. Tangu 1976 wauguzi wanawake 121,700 wamekuwa wakijaza fomu za afya zao na anwani zao. Ikaonekana waliokaa New England, kaskazini mashariki, waliugua zaidi ya waliokaa majimbo ya magharibi. Na walioishi ndani ya mita 50 kutoka barabara kuu walikuwa katika hatari iliyozidi kwa kama asilimia 31 ile ya waliokaa mbali.

TUMAINI: Huko kaskazini si kuna baridi, bibi?

BI ZUHURA: Nilijua utanibana hapo! Watafiti walishuku upungufu wa jua kuliko baridi. Katika kundi la wauguzi wenye umri mkubwa, waliokaa penye jua zaidi waliugua kwa kiwango cha chini. Walipopima kundi la pili, la wenye umri mdogo, tofauti haikuonekana. Na Njombe jua lipo.

TUMAINI: Na hiyo barabara inafanyaje?

BI ZUHURA: Vinavyodhaniwa ni moshi wa magari na vumbi lake. Ushahidi ulio imara kuliko wote ni wa sigara, kisha vumbi la mawe. Vikiingia mapafuni hubadili protini za mwili, na kwa mwenye urithi fulani kinga huziona kama adui. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Wales walionekana na baridi yabisi pamoja na mabonge mapafuni. Daktari Anthony Caplan aliliandika hilo mwaka 1953.

TUMAINI: Kaka yangu yuko Mererani, anachoronga mwamba.

BI ZUHURA: Mwambie wamwagie mwamba maji wakati wa kuchoronga, na avae barakoa ya vumbi, si kitambaa. Sigara aache kabisa. Yeye bado ana la kukinga. Kwa mama, kinga huanza kukosea miaka mingi kabla kidole hakijavimba, kwa hiyo kumhamisha leo hakufuti kilichokwisha kuingia.

TUMAINI: Tumwache tu huko?

BI ZUHURA: Nani kasema mumwache? Vidole vyake asubuhi aviloweke kwenye maji ya uvuguvugu, avae sweta, hilo halihitaji kuuza shamba. Fedha zenu ziende kwa daktari bingwa wa viungo. Ni wachache nchini, wengi wako hospitali kubwa, na mbio ziko hapo: viungo huharibika mapema, ndani ya miaka ya mwanzo. Kama ni kumhamisha, mhamishieni penye kliniki ya karibu, hata kama pana baridi. Na wakimpa methotreksati, ni dawa ya mara moja kwa wiki. Anayemhudumia aandike siku yake ukutani, maana kuimeza kila siku kwa kusahau kunaweza kuua.

TUMAINI: Nitawapigia ndugu leo.

BI ZUHURA: Wapigie sasa hivi, kabla mnunuzi hajalipa.